Kicheko Hakiamrishwi

Ukitoka Kisumu mjini kwa barabara ya Ahero na Nairobi, ni vigumu kupita Nyamasaria bila kucheka. Makanga wanagombea abiria kwa maneno zaidi kuliko kwa bei. Mmoja anamwambia mama mwenye beseni la samaki kwamba mbuta wake watalipa nusu nauli kwa sababu hawana miguu. Mama anamjibu kwamba ziwani walikuwa wakisafiri bure. Watoto wanaokwenda shule hupita katikati ya mazungumzo ya namna hii kila asubuhi, na kabla kengele haijalia masikio yao yamekwisha kushiba chuku, mafumbo na majibu ya papo kwa papo, kwa Kijaluo, Kiswahili na Sheng.

Kisha wanaingia darasani, na kiranja anasimama mbele na karatasi yake kuandika majina ya wapiga kelele. Aliyecheka naye anaandikwa.

Tuhuma dhidi ya kicheko ni ya zamani. Plato, alipokuwa akipanga elimu ya walinzi wa mji wake bora, hakutaka wawe wepesi wa kucheka. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, iliwaonya watawa wajihadhari na kicheko. Wote wawili waliogopa kwamba anayecheka ameachia hatamu za nafsi yake. Aristotle alikuwa na moyo mpana zaidi: aliuhesabu ucheshi kuwa fadhila, katikati ya mzaha wa ovyo na ukavu wa mtu asiyetania wala kutaniwa. Lakini Aristotle alikuwa akizungumzia maongezi ya watu huru wakati wa mapumziko. Darasani mmoja ana madaraka na wengine hawana, na hapo ndipo swali linapokuwa gumu: je, ucheshi una nafasi katika kutafuta ukweli, au ni kiburudisho tu cha kuwaamsha waliosinzia?

Jibu linaanzia kwenye jambo moja ambalo kila mwalimu analijua. Anaweza kuwaamuru wanafunzi wasimame, wanakili, waimbe jedwali la kuzidisha, hata wafumbe macho wasali. Hawezi kuwaamuru waelewe, na hawezi kuwaamuru waone jambo linachekesha. Mtoto hucheka pale ambapo yeye mwenyewe, kwa akili yake, ameona mambo mawili yasiyopatana yamekaa pamoja. Ndiyo maana mzaha ukifafanuliwa hufa: kazi iliyokuwa ya msikilizaji imefanywa na mtu mwingine. Ni kweli kwamba watoto huchekea mzaha wa mwalimu wanayemwogopa, lakini kicheko hicho hujulikana. Huanza kwa pamoja na hukoma kwa pamoja.

Imani nayo iko hivyohivyo. Mtu anaweza kulazimishwa kukariri katekisimu, hawezi kulazimishwa kuamini.

Mwandishi aliyeliona jambo hili kwa undani aliwahi kufanya kazi Kisumu. Okot p'Bitek, Mwacholi wa Gulu, alikuja mjini hapa baada ya kuondolewa katika uongozi wa Kituo cha Taifa cha Utamaduni cha Uganda. Alifundisha watu wazima katika idara ya masomo ya nje ya chuo kikuu, na mwaka 1968 akaanzisha Tamasha la Sanaa la Kisumu. Miaka miwili kabla ya hapo kilikuwa kimetoka kitabu chake *Song of Lawino*, ambacho Paul Sozigwa alikitafsiri baadaye kwa Kiswahili. Lawino, mke asiyesoma, anasimulia jinsi alivyohudhuria darasa la dini la jioni. Mwalimu anapaza sauti, wanafunzi wanapaza sauti nyuma yake, na hakuna anayejua wanachosema. Nje ngoma inalia. Lawino anatoroka kwenda kucheza.

Msomaji anacheka, na huku akicheka anajikuta mbele ya hoja nzito. Lawino hakuikimbia dini. Alikuwa na maswali ambayo wanateolojia wameyahangaikia kwa karne nyingi: kama Muumba aliufinyanga ulimwengu, udongo aliuchimba wapi, na alisimama wapi akichimba, ilhali hapakuwa na mahali popote? Anamuuliza padri, padri anakasirika. Anamuuliza mumewe msomi, anaambiwa ni mjinga. Mwalimu aliyefukuza swali kwa hasira amekiri, bila kujua, kwamba na yeye aliyameza tu hayo anayoyafundisha. Kama angecheka kidogo, akakubali kwamba swali limemshika, wangeweza kulitafakari pamoja.

Walimu wakubwa wa dini hawakuukimbia mzaha. Yesu aliwaambia wasikilizaji wake juu ya mtu mwenye boriti jichoni anayejitolea kutoa kibanzi katika jicho la mwenzake. Mchoro huo ukichorwa ubaoni, watoto watacheka kabla somo la unafiki halijatajwa. Katika hadithi za Mtume Muhammad kuna ile ya mtu aliyemwomba mnyama wa kupanda, akaambiwa atapewa mtoto wa ngamia. Yule mtu akashangaa: mtoto wa ngamia atamfanyia nini? Mtume akamuuliza kama kuna ngamia asiyezaliwa na ngamia. Hilo ni somo zima la mantiki. Yule mtu alisikia neno “mtoto” akaona kinyama kidogo kisichobeba mzigo. Akarudishwa, kwa upole, kwenye kile kilichosemwa hasa. Hakuambiwa uongo na hakuaibishwa. Alicheleweshwa kidogo ili afike mwenyewe.

Ucheshi wa namna hiyo hauko kwenye somo la dini peke yake. Tuseme mwalimu wa historia anaeleza kwamba reli ya Uganda ilipofika ziwani mwaka 1901, kituo kilipewa jina la Port Florence, kwa heshima ya mke wa mhandisi wa reli. Mtoto wa Nyamasaria, ambaye huenda babu yake alikuwa na nyumba tatu, ana haki ya kuuliza: na kama mhandisi angekuwa na wake wawili? Darasa litalipuka. Mwalimu mwenye haraka atampeleka kwenye orodha ya kiranja. Mwenye busara ataona kwamba mtoto amegusa kiini cha somo: nani alikuwa na mamlaka ya kuupa mji jina, na waliokuwa wakiishi pale waliulizwa? Katika hesabu, bodaboda aliyebeba abiria mmoja, mbuzi wawili na godoro hutoa tatizo la uzito ambalo hakuna atakayelisahau, kwa sababu darasa zima limewahi kumwona.

Watafiti nao wamelipima jambo hili. Mwaka 1977 Kaplan na Pascoe, nchini Marekani, walilinganisha mihadhara yenye mifano ya kuchekesha na isiyo nayo. Mtihani wa papo hapo haukuonyesha tofauti, lakini baada ya wiki sita wanafunzi waliyakumbuka vizuri zaidi mambo yaliyofafanuliwa kwa mfano wa kuchekesha. Mwaka 1988 Avner Ziv wa Israeli alichapisha matokeo ya somo la takwimu lililofundishwa kwa muhula mzima: kundi lililopata ucheshi uliohusiana na somo lilifanya vizuri zaidi katika mtihani. Masharti yenyewe ndiyo muhimu: ucheshi ulikuwa wa somo lenyewe, na ulikuwa kwa kiasi.

Lakini kuna kicheko kingine, na shule zetu zinakifahamu sana. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika mwaka 1986 jinsi mwanafunzi aliyekamatwa akisema Kikuyu alivyovishwa kibati chenye maneno ya kumtangaza kuwa mpumbavu au punda. Kibati kile kilitegemea kicheko cha wenzake ili kifanye kazi. Kenya iliondoa kiboko shuleni kwa sheria mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia marufuku hayo. Kejeli ni vigumu zaidi kuikomesha kwa sheria, kwa sababu huumiza pale ambapo hakuna alama ya kuonyesha. Mwalimu anayesoma kwa sauti jibu baya la mtoto ili darasa licheke amelifundisha darasa hilo kwamba kujaribu ni hatari. Qurani, katika Sura ya Al-Hujurat, inakataza watu kuwadhihaki wenzao, ikikumbusha kwamba wanaodhihakiwa huenda ni bora kuliko wao. Kosa linaweza kuchekwa. Mtoto aliyekosea asichekwe.

Mpaka huo Wajaluo waliujua. Baba alikuwa mtu wa kuogopwa. Utani ulikuwa wa bibi na babu. Katika kitabu chao juu ya Siaya cha mwaka 1989, David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo wanamweleza *pim*, mwanamke mzee aliyelea watoto katika *siwindhe*, nyumba walimolala wakisikiliza hadithi na mafumbo. Huko ndiko walikojifunza ukoo, adabu na habari za ulimwengu, na huko Apwoyo, yaani sungura, aliwahadaa wanyama wakubwa kila jioni. Pim alikuwa na heshima isiyohitaji woga. Shule ya kisasa ilipokuja, ilimkalisha mwalimu kwenye kiti cha baba, na kiti cha bibi kikaachwa tupu.

Kukirudisha kiti hicho kunagharimu kitu. Mwalimu wa darasa lililojaa, mwenye silabasi ya kumaliza na mtihani unaokuja, ana sababu za kweli za kuogopa dakika tano za kicheko asizoweza kuzirudisha. Tena mzaha haubebwi kutoka kitabu cha mwongozo. Unaota katika lugha ambayo watoto wanaiishi. Sera ya Kenya inataka watoto wa gredi ya 1 hadi ya 3 wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na katika kitongoji kama Nyamasaria, ambako Wajaluo, Waluhya na Wakisii wanakaa ukuta kwa ukuta, kazi ya kuijua lugha hiyo haiishii kwenye sera. Mwalimu mgeni atalazimika kusimama stendi jioni moja moja, asikilize makanga wanasema nini, na amuulize mama wa samaki kwa nini watu wamecheka.