Nani Ana Hatia ya Maji?

Akina mama wa Dodoma, na wa sehemu nyingine kavu za nchi yetu, wayajua maji magumu kuliko mwalimu yeyote wa kemia. Sabuni husuguliwa ikaisha nusu, na povu halijaonekana. Birika hufanya ukoko mweupe ndani, shati la Jumapili huchukua rangi ya majivu, na maharage hukaa motoni tangu asubuhi yasiive, kuni zikateketea bure. Huo ni usumbufu wa kweli, tena wala fedha. Lakini maji hayo, kwa ugumu wake tu, hayamdhuru ayanywaye. Kilichomo ni kalsiamu na magnesiamu zilizoyeyuka kutoka katika miamba, nazo zahitajiwa na mwili wenyewe.

Tumeanza na maji magumu ili tufike kwenye maji mengine, ambayo hakuna ayalalamikiaye. Kandokando ya Mlima Meru na Kilimanjaro, na mahali pengi katika Bonde la Ufa, yako maji laini, maangavu, yasiyo na harufu, na sabuni hutoa povu upesi ndani yake. Katika mengi ya maji hayo mna floraidi iliyotoka katika mawe ya volkano. Tena, kalsiamu ikiwa chache majini, floraidi hupata nafasi ya kuzidi; basi maji yampendezayo mama afuapo nguo huenda ndiyo yamwumizayo mtoto wake. Floraidi kidogo hulinda meno. Ikizidi, huyatia madoa ya hudhurungi yasiyofutika. Na ikizidi sana, kwa miaka mingi, huidhuru hata mifupa. Kuyachemsha maji, jambo tunalolihimiza daima kwa ajili ya vijidudu, hakuondoi floraidi hata chembe. Maji yakipungua kwa mvuke, ibakiyo hukolea zaidi.

Tulipokuwa seminari kuu tulikuwa na mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Arumeru, aliyeziba mdomo kwa kiganja kila alipocheka. Meno yake yalikuwa na mistari ya rangi ya kahawa. Siku moja baadhi yetu, kwa mzaha, tukamwekea mezani pake dawa ya meno imefungwa kwa karatasi kama zawadi. Alishukuru, akaiweka kando. Baada ya miezi mingi ndipo alipotusimulia. Alipokuwa mdogo, mama yake alimsugua kwa majivu kila asubuhi hata fizi zikatoka damu, akimchapa kwa uchafu ambao haukuwa uchafu. Maana madoa yale huingia jino lingali linajijenga ndani ya ufizi, kabla halijachomoza. Kisima cha kijiji chao kilikuwa kimefunguliwa kwa ngoma na hotuba, na watu wakaambiwa kwamba maji ni salama. Mama alipokuja kuelewa, alilia akasema, “Kumbe ni mimi niliyemnywesha.”

Je, mama huyo ana hatia? Walimu wa maadili tangu zamani wametofautisha ujinga ambao mtu angeweza kuuondoa, kama angalijali, na ule ambao hakuwa na njia ya kuuondoa. Wa kwanza ni kosa, wa pili si kosa. Mama huyu hakuwa na kipimo, na macho, pua na ulimi vyote vilimshuhudia kwamba maji ni mema. Basi hana hatia, hata kama moyo wake wamwambia vingine. Lakini hapo swali halijaisha, maana wako waliojua.

Mwaka 1974 nchi yetu ilijiwekea kiwango cha muda cha maji ya matumizi ya nyumbani, nacho kikaruhusu floraidi hadi miligramu 8 katika lita moja. Baadaye ikawa 4. Siku hizi ni 1.5, sawa na ushauri wa Shirika la Afya Duniani. Msomaji atauliza: je, wale wa 1974 walikuwa watu wabaya? Hata kidogo. Kama wangaliandika 1.5, visima vingi vingalifungwa, na wanawake wangalirudi kuchota katika madimbwi wanywayo ng'ombe, ambako kuhara kungaliwaua watoto upesi kuliko floraidi iwezavyo kuwatia madoa. Mtu mwenye mabaya mawili mbele yake, naye hana la tatu, halaumiwi kwa kulivumilia lililo dogo. Sisi tungalikuwa mahali pao, yamkini tungaliandika vivyo hivyo.

Ila kuvumilia ubaya ni jambo moja, na kuuita wema ni jambo jingine. Tarakimu ile ilikuwa na sababu yake katika kitabu cha wataalamu. Ilipofika kisimani, sababu ikawa imebaki njiani, likafika neno moja tu: “salama.” Kama mtu angalisimama siku ile ya ngoma akasema, “Maji haya tumeyakubali kwa kuwa hatujapata mengine, watu wazima kunyweni, lakini mtoto mchanga mtafutieni ya mvua,” mama yule angaliweza kuamua. Alinyimwa ukweli, na pamoja na ukweli alinyimwa uwezo wa kutenda kama mama. Hapo ndipo sisi twaiona hatia, katika kunyamaza. Wala hatusemi kwamba imemalizika. Kila ajuaye leo, akiwa mganga, mwalimu, diwani au padre, nayo yamhusu.

Nasi tuliocheka je? Hatukujua, ni kweli. Lakini twaogopa kwamba ujinga wetu ulikuwa wa aina ile ya kwanza. Kuuliza kungetugharimu dakika moja tu.

Ziko njia. Huko Ngurdoto, Arumeru, kuna kituo cha utafiti ambako mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, ikawa mkaa wa chembechembe; maji yakipitishwa humo, floraidi hushikwa na ile mifupa. Hilo ni jambo la ajabu: kile kiharibucho mifupa ya walio hai hunaswa na mifupa ya mnyama aliyekufa. Lakini chembechembe hizo huchoka, hazina budi kubadilishwa, na chujio lina bei. Mwenye mshahara hununua maji ya chupa, akalisahau jambo lenyewe. Jirani yake anywa ya bombani, akitumaini. Na katika mapishi, wengi hutia magadi ili maharage yaive upesi. Magadi hayo mara nyingi yana floraidi yake, yakaongeza juu ya ile ya maji. Hilo wajulisheni wapishi wa nyumbani na wa shuleni.

Meno ya kudumu hujengeka tangu kuzaliwa hata karibu miaka minane. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno. Mtoto anyonyaye amekingwa. Baada ya hapo anahitaji maji ya kunywa na ya uji tu, wala si ya kuogea, na maji ya mvua hayana floraidi ila kidogo sana. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la kanisa lenye mita 200 za mraba, likipata mvua ya milimita 10, hushusha karibu lita 2,000 kwa siku moja. Katika parokia nyingi za kaskazini maji hayo humwagika chini ukutani, yakachimba msingi, na hapana hata mfereji wa bati wala pipa. Tumeanza kuuliza mafundi bei ya mifereji.