Kiongozi, Desturi na Mizani

Mtu akiibiwa mfuko sokoni hupiga kelele, lakini akipunjwa mizani hucheka na kusema, "Biashara ni ujanja." Neno hili ndilo lililotufanya tuandike. Kwani dhambi ikipewa jina zuri huwa desturi, na desturi haiogopi askari.

Je, kiongozi aweza kuiondoa desturi mbaya kwa amri yake? Na tutazame bara. Huko Kaaga, kando ya mji wa Meru, kipo Chuo Kikuu cha Methodist cha Kenya, kilichopewa hati ya serikali mwaka 2006, na vijana husoma humo elimu ya biashara. Lakini Wameru wanalo darasa jingine, la zamani zaidi: baraza lao la wazee, Njuri Ncheke. Mwaka 1956 baraza hilo lilipiga marufuku kuwakeketa wasichana. Wazee walikuwa na heshima, na serikali ya kikoloni ilikuwa nyuma yao. Hata hivyo wasichana wengi walikeketana wao kwa wao, na katika miaka 3 watu zaidi ya 2,000 walishitakiwa. Amri ilishuka, desturi ikabaki. Waliotoa amri hawakuwa waliobeba uzito wake.

Na madukani mwetu ni vivyo hivyo. Asubuhi twamwambia kijana, "Uwe mwaminifu." Jioni twamuuliza, "Umepata ngapi?" wala hatumuulizi, "Umepataje?" Basi yeye hulishika swali la jioni, kwani ndilo linalompa au kumnyima riziki yake. Akipunja, aliyempunja mnunuzi ni nani, kijana au sisi?

Mtume wetu (S.A.W.) alipopita sokoni aliutia mkono wake ndani ya lundo la nafaka, akakuta unyevu chini, akamlaumu mwenye mali kwa kuuficha usionekane na watu. Hakuketi mbali akaamrisha. Alikwenda mwenyewe, akagusa.

Basi, ndugu zetu, tusiwangoje wakubwa wa mji. Mchele wetu ukilowa, na tuuweke juu ya gunia, tuuze kwa bei ya mchele uliolowa, na kijana wetu atutazame tukila hasara. Hasara ya siku moja hiyo itamfundisha lile ambalo nasaha za mwaka mzima hazikumfundisha. Nasi wenye kuandika haya tuna maduka. Yatupasa tuanze sisi.

Na taufiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.