Bastola Chini ya Koti la Jumapili



Ndugu zetu wa Kenya wenye kibali cha silaha hutuuliza: ni bastola ipi ndogo inayofichika vizuri mtu akienda ibadani? Hofu yao ina sababu. Machi 23, 2014, wenye bunduki walivamia kanisa huko Likoni, Mombasa. Mtoto mdogo alinusurika na risasi kichwani. Hata hapa Muscat, Julai 15, 2024, waumini waliuawa kwa risasi msikitini Wadi Kabir.

Lakini bastola ndogo, kwa mtutu wake mfupi, ni ngumu kuilenga. Risasi yake ikikosa adui inaweza kumpata mwingine, na sisi wauguzi tunajua risasi hufanya nini mwilini.

Askari mlangoni tunamwona, naye anawajibika. Mwenye bastola ya siri amejipa mamlaka juu ya uhai wa jirani yake, na jirani hajui. Petro naye alikusudia kulinda, akamkata Malko sikio; Bwana alimwambia aurudishe upanga alani, kisha akaliponya sikio.

Basi kabla ya kuuliza ipi ni ndogo, tuulize: nikikosa, nani ameketi nyuma yake?