Moyo wa Fundi Kazi Ikiisha Kutimia

Mtu akiisha kumaliza kazi njema, watu hudhani kwamba moyo wake utajaa furaha tu. Mara nyingi sivyo. Siku ya kwanza huja furaha, na kesho yake huja ukiwa. Je, ukiwa huo ni dhambi? Je, Mungu amemwacha mtu wake?

Tazama fundi aliyechonga ngoma ya gogo ya kuwaita Wakristu kanisani. Kwa miezi mingi ameshika tezo na patasi, akilitoboa gogo, akilipiga na kusikiliza, mpaka ngoma imepata sauti zake mbili, ya kiume na ya kike. Siku ya Dominika ngoma yalia, na wanawake wapiga vigelegele. Siku ya Jumatatu fundi aamka mapema, mkono wake watafuta tezo, wala hakuna kazi inayomngoja. Chakula hakina ladha. Amkaripia mkewe bila sababu. Ngoma ikilia, masikio yake yasikia kasoro tu. Jioni moyo wamwambia: Twende kwenye pombe.

Kuona ukiwa si dhambi. Mwanamke aliyetoka mbali na mzigo wa kuni, akiisha kuutua, hupepesuka kidogo, kwa kuwa shingo imezoea uzito. Moyo wa fundi ni vivyo hivyo. Dhambi yaweza kuingia pale anapoufuata ukiwa huo mpaka kwenye ulevi na ugomvi.

Maandiko Matakatifu yatufundisha. Mungu alimjaza Beseleeli, wa kabila la Yuda, roho ya ufundi, apate kufanya kazi ya dhahabu, fedha, shaba na mti kwa ajili ya Hema Takatifu. Kazi ilipokwisha, Musa aliitazama, akawabariki mafundi. Hema ikasimamishwa siku ya kwanza ya mwaka wa pili tangu kutoka Misri, na wingu la Bwana likaifunika. Lakini kabla ya miezi 2 kutimia wingu liliinuka; Walawi wakaifungua Hema, wakaichukua, na taifa zima likashika safari. Basi hata kazi takatifu namna hiyo haikuwa mwisho wa njia. Mungu ndiye pumziko, na kazi ya mikono yasaidia watu kumwendea.

Na nabii Eliya, baada ya moto kushuka juu ya mlima Karmeli, alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Malaika hakumgombeza. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Kisha, mlimani Horebu, Mungu alimpa kazi mpya.

Neno hili lawahusu wakatekumeni hasa. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza watu wafundishwe miaka 4 kabla ya kubatizwa. Mtu akiisha kungoja siku nyingi, apata ubatizo, nguo nyeupe na mshumaa. Juma lifuatalo shamba ni lile lile, jirani ni yule yule, na hasira yataka kurudi. Ndipo Shetani amnong'oneza: Maji yale yalikuwa maji tu. Huo ni uongo. Neema haipimwi kwa uchangamfu wa moyo, na alama ya ubatizo haifutiki kamwe.

Basi mwenye ukiwa afanye mambo matatu.

Kwanza, ale na kulala pasipo haya, kama Eliya.

Pili, asihukumu kazi yake katika siku hizo, wala asiache sala kwa kuwa haoni utamu ndani yake. Kama amemkaripia mkewe, amwombe radhi kabla jua halijatua.

Tatu, amshukuru Mungu kwa kazi iliyokwisha, kisha atafute kazi ndogo ya mapendo: jembe la mjane kulitia mpini, mgonjwa kumchotea maji. Aliyebatizwa na amfundishe mdogo wake ishara ya msalaba.

Bwana Yezu mwenyewe alikuwa seremala kule Nazareti. Fundi na amwombe amfundishe kuishika tezo kwa bidii, na kuiweka chini kwa amani.