Maneno ya Kuazima

Vijana wa kwaya zetu wakikutana Jumamosi na magitaa na simu ya kurekodia, si kila mara wanaimba tenzi. Mara nyingi wanapiga kopi za nyimbo za roki walizozipenda tangu shuleni, zilizotungwa na watu wasiowajua. Wazazi huuliza kama ni dhambi. Swali linalotusumbua sisi ni jingine: mtu akiimba uchungu wa mwenzake kana kwamba ni wake, anasema kweli?

Tumtazame Johnny Cash wa Marekani. Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 70 na mwili umechoka kwa maradhi, alitoa rekodi ya wimbo "Hurt" aliyoifanya na rafiki yake Rick Rubin. Trent Reznor, kijana wa bendi ya Nine Inch Nails, alikuwa ameutoa mwaka 1994. Ni wimbo wa mtu aliyejiumiza mwenyewe. Cash alikuwa ametumikishwa na vidonge kwa miaka mingi, hakuhitaji kuigiza. Ila alibadili neno moja: penye taji ya uchafu akaweka taji ya miiba.

Mtu anaweza kusema alikuwa anausafisha wimbo ili upite kanisani. Hatudhani hivyo. Taji ya uchafu humwacha mtu peke yake na aibu yake. Ile ya miiba humwonyesha aibu hiyo hiyo ikiwa kichwani pa Mwingine, aliyekwisha kuivaa. Kwa neno hilo moja maungamo ya kijana yakawa sala ya mzee. Reznor mwenyewe mwanzoni aliona kama ameingiliwa. Alipoitazama video alikiri kwamba wimbo haukuwa wake tena.

Na urafiki ulikuwamo. Rubin alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, lakini yeye na Cash walikuwa wakishiriki meza ya Bwana pamoja, hata kwa simu. (Wazee wetu watakuwa na la kusema juu ya ushirika wa simu, tuwaachie.) Mbele ya rafiki wa namna hiyo ni vigumu kuimba uongo, maana anaijua sauti yako ya kweli.

Sisi nasi tunaishi kwa maneno ya kuazima. Sehemu kubwa ya Tenzi za Rohoni ilitafsiriwa kutoka kwa watunzi wa ng'ambo. Bwana wetu msalabani alilia kwa Zaburi ya 22, kilio cha mtu aliyeishi karne nyingi kabla. Alichoazima alikilipia chote.

Sisi je? Kila Jumapili tunaimba kwa sauti kuu kwamba tunamtolea Bwana vyote, huku mkono uko mfukoni ukipapasa sarafu iliyo ndogo kuliko zote.