Wapagazi Mbele ya Hori

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, alichora kuzaliwa kwa Yesu ukutani mwa kanisa la Kianglikana la Murang'a, Kenya. Mtoto ni Mwafrika, nchi inayomzunguka ni ya Wakikuyu. Kanisa lile ni ukumbusho wa Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Kuchora uzazi mahali pa msiba ni ujasiri mkubwa.

Je, picha hiyo ingechorwa Ipuli, Tabora, wachungaji wa Injili ya Luka wangekuwa nani? Mimi ningewaweka wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo: mizigo imetuliwa chini, macho yote kwa mtoto. Leo ukikutana na mchukuzi sokoni, mwamkie wewe kwanza.