Nani Amwamshe Albert?

Katika onyesho la mwisho la Woza Albert!, mtu aitwaye Zuluboy anafanya kazi makaburini. Hapo awali alikuwa kibarua katika kiwanda cha matofali. Sasa anatunza makaburi ya watu na kuimba peke yake. Mbele yake anatokea Morena, jina ambalo kwa Kisotho maana yake ni Bwana, na ambalo humu ni la Yesu aliyerudi duniani na kuchagua kushukia Afrika Kusini ya makaburu. Serikali ilimpokea kwa shangwe alipofika kwa ndege, kwani ujio wake ulionekana kuwa ushahidi kwamba nchi ile imebarikiwa. Alipofungua kinywa na kusema asichotarajiwa kusema, alitiwa ndani John Vorster Square, akaruka kutoka huko pamoja na malaika, akakamatwa tena, akapelekwa Robben Island, na alipojaribu kuondoka kisiwani kwa miguu juu ya maji akalipuliwa. Siku tatu zimepita. Zuluboy hamwombi pepo wala mkate. Anamkokota kutoka kaburi hadi kaburi na kumwonyesha wa kuamshwa: Albert Luthuli, Robert Sobukwe, Lilian Ngoyi, Steve Biko, Bram Fischer, Ruth First, Griffiths Mxenge, Hector Pieterson. Kila mmoja anaitwa kwa neno la Kizulu woza, yaani njoo. Mchezo unakwisha hapo. Wafu wakishaamka watafanya nini, hakuna anayeelezwa.

Watunzi wake, Percy Mtwa na Mbongeni Ngema, walikuwa waigizaji katika kundi la Gibson Kente, na wazo lao lilianza kwa mabishano ya safarini: ingekuwaje Yesu angerudi hapa kwetu? Wakishirikiana na mwelekezi Barney Simon walikamilisha kazi iliyoonyeshwa Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1981. Jukwaani kuna masanduku mawili ya majani ya chai yaliyopinduliwa na ubao wenye misumari uliotundikiwa matambara. Waigizaji ni wawili tu, vifua wazi, na wanabeba nchi nzima: kinyozi wa barabarani, mwanamke mzee anayetafuta chakula majalalani, askari, mfungwa, mwajiri. Anapohitajika mzungu, mwigizaji hujivika puani nusu ya mpira wa skwoshi uliopakwa rangi ya waridi, na mamlaka yote ya dola yanakaa kwenye pua hiyo. Baadaye BBC iliutengenezea filamu ya televisheni, ukaonekana sebuleni mwa watu ambao hawajapata kuonyesha pasi kwa askari.

Watazamaji hucheka tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, na kicheko hicho ndicho chenye swali. Luthuli, Biko na Mxenge hawakuwa watu wa kubuni. Mtoto Hector Pieterson alipigwa risasi Soweto tarehe 16 Juni 1976 akiwa na umri wa miaka 12. Ni nani aliyewapa vijana wawili ruhusa ya kuwaingiza watu hawa katika futuhi, tena bila kuwauliza wafiwa?

Msomaji wa Kiswahili, hasa aliyekulia Tanzania bara, ana neno la kuanzia, nalo ni utani. Wazaramo, Waluguru, Wanyamwezi na wengine wengi wanamjua mtani msibani. Wafiwa wanalia, yeye anaigiza namna marehemu alivyokuwa akitembea, anamlaumu kwa kuondoka bila kuaga, na pengine anajilaza ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka alipwe kitu. Hakuna anayemwona mwendawazimu. Haki yake inatokana na mahali aliposimama: si mfiwa, kwa maana machozi yangemziba mdomo, wala si mgeni, kwa maana mgeni akifanya hivyo atapigwa. Desturi inayosema kuwa marehemu hasemwi vibaya humwachia yeye mlango. Lakini jambo ambalo wengi hulipita haraka ni kwamba utani wa kaburini ni dai. Mtani akicheza ndani ya shimo anazuia maziko. Mwili hauteremshwi mpaka mkono wa mtu fulani uingie mfukoni.

Ukiutazama kwa jicho hilo, mchezo wa Mtwa na Ngema unakuwa na kasoro moja kubwa kama utani, na kasoro hiyo ndiyo inayoupa nguvu. Watani hawa ni wafiwa. Wanaowacheka askari ndio wanaokamatwa na askari; anayeigiza mfungwa ana ndugu gerezani. Desturi ilitenganisha kazi mbili, ya kulia na ya kuchekesha, kwa sababu ilijua kwamba moyo mmoja hauzimudu zote. Chini ya ubaguzi wa rangi hapakuwa na mtani wa kuitwa. Aliyebaki pembeni, asiyekuwa mfiwa, mara nyingi alikuwa ndiye aliyeua au aliyenyamaza. Kwa hiyo wafiwa walijifuta machozi na kuingia kaburini wenyewe.

Makaburi yenyewe yanastahili kutazamwa moja moja, kwani makaburi anayoyatunza Zuluboy hayakuwahi kuwako mahali pamoja. Luthuli amezikwa Groutville, katika Natal, alikofungiwa na serikali katika miaka yake ya mwisho na ambako ilielezwa kuwa aligongwa na gari moshi la mizigo tarehe 21 Julai 1967. Sobukwe yuko Graaff-Reinet; alifia Kimberley mwaka 1978, bado akiwa chini ya amri ya kutotoka. Biko, aliyefia mikononi mwa polisi Septemba 1977, yuko King William's Town. Ngoyi na mtoto Pieterson wako Avalon, Soweto. Mxenge aliuawa Umlazi Novemba 1981, na Ruth First aliuawa kwa bomu la kifurushi ofisini mwake chuoni Maputo Agosti 1982, akazikwa huko huko Msumbiji. Tarehe hizo mbili za mwisho zinasema jambo: mchezo ulipofunguliwa watu hao wawili walikuwa hai. Majina yao yamo katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1983 kwa sababu utawala uliendelea kuua, na watunzi wakaendelea kuongeza.

Halafu yuko Bram Fischer, wakili aliyewatetea Mandela na wenzake katika kesi ya Rivonia, mkomunisti, na kwa nasaba kaburu halisi wa Orange Free State. Kiswahili kimelifanya neno kaburu kuwa jina la kabila na jina la uovu kwa pamoja, hata mtu kama Fischer hana pa kusimama ndani yake. Ni udhaifu wa lugha yetu ambao mchezo huu unauumbua bila kukusudia. Alihukumiwa kifungo cha maisha na kufa mwaka 1975. Maiti yake ilichomwa, na idara ya magereza ikayachukua majivu, kana kwamba kifungo hakijaisha. Hana kaburi. Hata angekuwa nalo, sheria za wakati ule zisingalimruhusu kulala jirani na Ngoyi. Kwa hiyo Zuluboy anatunza makaburi yaliyowezekana jukwaani peke yake, na anaposimama mbele ya kaburi la Fischer anaonyesha kidole mahali pasipo na kitu.

Kuwaita wafu si jambo la mzaha katika historia ya nchi ile. Mwaka 1856 binti wa Kixhosa, Nongqawuse, alieleza kwamba wahenga wangefufuka na wakoloni wangefagiliwa baharini ikiwa watu wangechinja ng'ombe wao na kuacha kulima. Makadirio yanayotajwa sana na wanahistoria ni ng'ombe wapatao 400,000 waliochinjwa na watu wapatao 40,000 waliokufa kwa njaa. Wafu hawakuja, na gavana George Grey akavuna ardhi na vibarua. Karibu miaka 50 baadaye, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale naye alitoa maji, na pamoja na maji ahadi kwamba wahenga wangerudi. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita vilipokuwa vimeanza tu. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile mwaka 1969, alikigeuza kisa hicho kuwa mtihani wa neno linalomtoroka msemaji wake na kuwa kubwa kuliko yeye.

Je, Zuluboy ana tofauti gani na Nongqawuse? Kwa juu juu, hana. Wote wawili wanataka kazi ya walio hai ifanywe na wafu, na mtu mkali anaweza kusema kwamba wito wa namna hii unawatukana wote: walio hai kwa kuwaambia kwamba hawatoshi, na wafu kwa kuwanyima mapumziko. Lawama hiyo ina uzito, wala haiondolewi kwa kusema ni mchezo tu. Inapungua makali tukikumbuka kicheko. Nabii huomba kuaminiwa, na kuamini kwake kuna gharama, ng'ombe zizini na mahindi shambani. Mtani haombi kuaminiwa. Mtazamaji aliyemwona mtu yule yule akivaa na kuvua pua ya waridi kwa saa nzima anajua vizuri kwamba hakuna Luthuli atakayeinuka sakafuni. Anaitika wito akiujua kuwa ni mtupu, na utupu huo humrudisha kwenye kiti chake, kwa majirani zake waliokaa kushoto na kulia. Market Theatre, iliyofunguliwa Juni 1976 ndani ya soko kuukuu la matunda la Wahindi huko Newtown, ilikuwa miongoni mwa sehemu chache za mji ambapo majirani hao waliweza kuwa wa rangi mbalimbali.

John Mbiti, Mkenya aliyeazima kutoka Kiswahili maneno sasa na zamani ili kueleza wakati wa Kiafrika, alisema kwamba mfu hubaki karibu na walio hai maadamu yupo anayemjua na kumkumbuka kwa jina. Wa mwisho akiondoka, naye huzama zamani. Wanafalsafa waliofuata wamelipinga mengi katika nadharia yake, hasa alivyopunguza wakati ujao. Lakini kuhusu jina alisema kweli ambayo makaburu waliijua kabla yake. Waliopigwa marufuku hawakuruhusiwa kunukuliwa magazetini. Walinyamazishwa wakiwa hai, wazame mapema. Kulitamka jina la Sobukwe kwa sauti mbele ya umati kulikuwa kumrudisha upande wa sasa.

Hapa ndipo televisheni inapotatiza. Afrika Kusini ilichelewa kuwa nayo hadi Januari 1976, kwa kuwa watawala waliiogopa, na walipoikubali waliishika mkononi. Waliokuwa wakiishi ndani ya mambo yale walikuwa wa mwisho kutarajia kuyaona kwenye kioo. Walioyaona walikuwa Waingereza. Mtani akizuia maziko Newtown, waombolezaji wako mbele yake, hawawezi kupita. Akizuia maziko ndani ya sanduku lililoko London, mtazamaji anaweza kuguswa kwa dhati kisha akazima. Hilo halimfanyi mtazamaji kuwa mwovu. Ni mgeni msibani, na mgeni kazi yake ni kukaa kimya na kuchangia. Hata hivyo mkanda una kitu ambacho jukwaa halina. Ngema alifariki kwa ajali ya gari Desemba 2023 akitoka mazishini. Kijana aliyeimba makaburini amekuwa mmoja wa kuitwa, na wito wake una ugumu, kwani yeye ndiye aliyetunga mwaka 2002 wimbo uliozuiwa kurushwa redioni kwa kuchochea chuki dhidi ya Wahindi. Orodha ya Zuluboy ina mashujaa tu. Angekuwa na muda zaidi angelazimika kukutana na wafu wa namna hii, na pengine hapo ndipo angemhitaji mtani kuliko Masihi.

Makao makuu ya ANC jijini Johannesburg yanaitwa Luthuli House. Hivyo Albert ameamshwa na chama chake, akapewa jengo, na kila uamuzi unaofanywa humo, wa haki na wa aibu, hutoka chini ya jina lake. Ni wito ule wa kwanza, wa kumtwisha mfu kazi ya walio hai. Wito wa pili, wa kumlipa anachodai, umekuwa wa polepole. Ahmed Timol alianguka kutoka ghorofa ya 10 ya John Vorster Square mwaka 1971, na ikaelezwa kuwa alijirusha. Ilichukua hadi 2017 mahakama kusema alisukumwa. Wanaolijua jengo lile hawawezi kucheka kicheko chepesi Morena anaporuka kutoka humo na malaika wake. Oktoba 2025 mahakama kuu ya Pietermaritzburg iliutengua uamuzi wa 1967 na kusema kwamba Luthuli hakuuawa na gari moshi bali kwa kipigo cha polisi. Miaka 58 ilikuwa imepita, na waliompiga hawakushtakiwa. Mwezi mmoja kabla ya hapo shauri la kifo cha Biko lilikuwa limefunguliwa upya.

Majivu ya Fischer hayajarudishwa kwa jamaa zake. Kila Woza Albert! inapopandishwa tena jukwaani, waigizaji wawili humwita kwa zamu yake, baada ya Biko na kabla ya Ruth First.